Barua ya Liszt kutoka Villa d'Este: tuikague kabla sijatoa dau

#1 Wa_Kibokoni

Salaam wenyewe. Kuna barua iko mnadani Ujerumani, na mnada unafungwa baada ya siku kumi. Muuzaji anaieleza hivi: Franz Liszt, mtunzi na mpiga piano, barua ya mkono yenye sahihi yake, Kifaransa, karatasi moja iliyokunjwa katikati ikatoa kurasa nne, tatu zina maandishi, sm 13 kwa 21. Juu kulia pana "Villa d'Este, 20 8bre 77". Anaandikiwa bibi asiyetajwa jina, "Chère Madame". Inakuja na bahasha yenye stempu ya Italia.

Kwenye tangazo wameiita ya "20 Agosti 1877", na bei wameipandisha kwa hoja kwamba 1877 ndio mwaka Liszt alipotunga vile vipande vya piano vya Villa d'Este, vya misaipresi na vya michirizi ya maji. Inaanzia euro 2,000. Picha ni mbili tu: ukurasa wa kwanza na sahihi.

Nimwombe nini zaidi huyu muuzaji? Na ikifika naiweka wapi? Nyumba ni ya mawe, Mji wa Kale wa Mombasa, bahari iko hapo nyuma.

#2 Nibu_Kongwe

Anza na tarehe, wino utangoja. Hiyo "8bre" si Agosti, ni Oktoba. Octo ni nane kwa Kilatini, na watu wa karne ya 19 walioandika Kifaransa na Kiitaliano walifupisha hivyo kila siku. 7bre ni Septemba, 8bre Oktoba, 9bre Novemba, na Desemba utaikuta kama Xbre au 10bre. Anayehesabu kwa kalenda yetu hupotea miezi miwili kila mara.

Kwa Liszt miezi miwili ni masafa marefu. Tangu 1869 hadi alipofariki Bayreuth, tarehe 31 Julai 1886, mwaka wake ulikuwa na mzunguko. Kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi yuko Weimar, nyumba ya Hofgärtnerei, anafundisha. Vuli anashuka Roma na Tivoli, ambako Kardinali Hohenlohe alimpa vyumba ndani ya Villa d'Este. Baridi yuko Budapest. Haikuwa ratiba ya treni, alikuwa akichelewa na kubadilisha, lakini barua ya Villa d'Este ya Oktoba imekaa pake. Ya Agosti ndiyo ingekutia mashaka. Muuzaji ameiharibia barua yake mwenyewe sifa bila kujua.

Hiyo "77" nayo nataka kuiona kwa karibu. Tangazo zima limesimama juu ya tarakimu mbili.

#3 Chumvi_ya_Kilindini

Mtu hajui kusoma 8bre, halafu tumwamini akisema ni Liszt?

#4 Nibu_Kongwe

Hatumwamini wala hatumkanushi, yakhe. Tunamwomba picha.

#5 Bi_Wanga

Wa_Kibokoni, mwandikie leo, maana wenye mnada siku tatu za mwisho hawajibu mtu. Usiseme "naomba picha zaidi", utaletewa zile zile zilizopigwa kwa simu nyingine. Taja moja moja.

Kwanza kurasa zote nne, pamoja na ule mtupu, skani ya nukta 600 kwa inchi, rula ikiwa pembeni. Ukurasa mtupu ndio huwa na siri: mabaki ya gundi ya albamu, namba ya penseli ya duka, au mahali palipofutwa muhuri wa maktaba.

Pili, mwanga wa ubavuni. Taa iwekwe chini, usawa wa meza, karatasi ipigwe picha kutoka juu. Hapo mikwaruzo ya nibu na mikunjo yote huinuka kama matuta. Nakala ya kuchapwa haina mkwaruzo.

Tatu, karatasi ikiwa imeinuliwa kwenye mwanga, nuru ikitoka nyuma. Unatafuta alama ya maji ya kiwanda, mistari ya wavu, viraka, na sehemu zilizokonda kwa kusuguliwa.

Nne, mikunjo kwa karibu, pale ambapo mstari wa maandishi unapita juu ya mkunjo. Hapa tulia kidogo. Mwandishi wa kweli huandika kwanza, hukunja baadaye ili barua iingie kwenye bahasha. Kwa hiyo mkunjo unaukata wino: nyuzi za karatasi zimepasuka, na ndani ya ufa ni peupe. Mtu akichukua karatasi kuukuu iliyokwisha kukunjwa akaandika juu yake, wino hunywewa na nyuzi zilizovunjika na kutambaa kando kando ya mkunjo kama mizizi. Lenzi ya mara 10 inaonyesha wazi. Ila usihukumu kwa mkunjo wa katikati unaogawa kurasa: huo ulitoka dukani na karatasi, na mwandishi aliukuta.

Tano, picha chini ya mwanga wa urujuanimno (UV). Na muulize taa yao ni ya nanomita ngapi.

#6 Chumvi_ya_Kilindini

Tochi za kukagulia noti si zinauzwa kila mahali Biashara Street? Kwani barua yahitaji ya kwake?

#7 Bi_Wanga

Nyingi ya hizo ni za nanomita 395. Zinamwaga zambarau inayoonekana kwa macho, kila kitu cheupe kinaonekana kama kinawaka, na mtu anakataa karatasi nzuri kwa bure. Tafuta ya 365, ikiwezekana yenye kichujio cheusi mbele. Chumba kiwe giza, macho yazoee dakika tano, kisha mulika sekunde chache tu, si kuiacha ikiwaka.

Karatasi zilianza kutiwa dawa za kung'arisha weupe karibu 1950. Karatasi ya 1877 ikiwaka samawati-nyeupe yote nzima, hiyo si ya 1877. Ikiwaka madoa madoa, ngoja kwanza: sabuni ya unga ina dawa zile zile, na barua iliyolala kwenye droo ya nguo huambukizwa. Wino wa chuma wenyewe hauwaki, unakuwa mweusi zaidi, hata maneno yaliyofifia hujitokeza. Na gundi, mafuta ya vidole na mihuri iliyofutwa vyote hujionyesha humo.

#8 Wa_Kibokoni

Shukran dada. Nimeshaandika. Wino kwenye picha ni wa kahawia, wa kutu-kutu. Ndio sawa, au umefifia?

#9 Bi_Wanga

Ndio sawa. Wino wa chuma ulipikwa kwa vivimbe vya mwaloni vyenye tanini, salfeti ya chuma na gundi ya mgunga. Ukitoka kwenye nibu ni mweupe-mweupe, unaiva kuwa mweusi ukipata hewa, na baada ya miongo unageuka kahawia. Shida yake ni kwamba una asidi na chuma kilichobaki huru, na hivyo viwili huila karatasi. Tazama mahali ambapo nibu ilikandamiza, vichwa vya herufi nene na mstari chini ya sahihi: kukiwa na kivuli cha kahawia pembeni ya wino, au maandishi yanaonekana upande wa pili, ulaji umeanza. Ikifika herufi kudondoka na kuacha tundu, sahau kuigusa bila fundi.

Wino wa rangi za anilini, urujuani hasa, ni mambo mengine. Rangi ya kwanza ya namna hiyo ilipatikana 1856, kwa hiyo 1877 inawezekana kabisa. Ule haukuli karatasi, ila jua linaukausha rangi na tone moja la maji linautawanya.

#10 Nibu_Kongwe

Mwandiko sasa. Kosa la wengi ni kulinganisha sahihi na sahihi. Sahihi ndiyo kitu ambacho mghushi amefanyia mazoezi. Chukua maneno ya kawaida, yale ambayo mkono unayaandika bila kufikiri: "vous", "pour", "avec", na namna tarehe ilivyowekwa. Pata sampuli tano au sita za muongo huo huo, si za ujana wake. Hazina kubwa ya Liszt iko Goethe- und Schiller-Archiv, Weimar. Library of Congress na Morgan Library ya New York nao wana zao. Mwandiko wa Liszt wa miaka ya 1840 na ule wa 1885, macho yakiwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, usidhani ni mtu mmoja.

Unalinganisha nini? Urefu wa herufi zenye mikia kwa zile fupi. Mahali kalamu inapoinuliwa katikati ya neno. Nafasi kati ya mistari na jinsi mstari unavyopanda au kushuka ukikaribia ukingo. Uzuri wa herufi si hoja. Mkono wa haraka huanza na kumaliza mstari kwa ncha nyembamba, kama ndege anayetua na kuruka. Anayeiga huanza kwa kitone, anakwenda polepole, mkono unatetemeka kidogo kwenye mduara, anaishia butu, halafu anarudi kujazia. Nibu ya chuma ikikandamizwa inapanuka miguu miwili, na ukitazama kwa lenzi utaona kingo mbili nzito na katikati hafifu. Nakala iliyochapwa kwa jiwe au kwa klishe (bamba la chapa) haina hilo: wino umelala bapa, au ni nukta nukta.

Na mfananishe na maandishi yaliyochapishwa. Mwanamama Marie Lipsius, kwa jina la kalamu La Mara, alitoa juzuu 8 za barua za Liszt kati ya 1893 na 1905. Maneno ya barua yako yakiwa humo, tena asili yake inajulikana iko kwenye hifadhi fulani, basi ulichonacho ni nakala, hata kiwe kizuri vipi.

#11 Mzingile

Maalim, mimi nauliza la silsila. Barua inapita mikono mingapi ndio iaminike?

#12 Nibu_Kongwe

Idadi si kitu, kitu ni pengo. Mtiririko mzuri husema: familia ya aliyeandikiwa, duka fulani, mnada wa mwaka fulani namba fulani, mkusanyaji, wewe. Kila hatua iwe na karatasi: katalogi, risiti, picha ya zamani. "Kutoka mkusanyo binafsi wa Ulaya" ni maneno ya kujaza mstari. Pengo la miaka ya Vita vya Pili vya Dunia na baada yake liulizie mara mbili, maana maktaba na nyumba nyingi ziliporwa, na mali ya maktaba haigeuki yako kwa kuinunua.

Kwenye piano mfano unaotajwa sana ni ule wa Chopin. Mwaka 1945 Paulina Czernicka alitoa maandishi aliyosema ni ya barua za Chopin kwa Delfina Potocka. Watu wakabishana miaka na miaka juu ya maneno yaliyomo, na asili hazikuletwa mezani hata siku moja. Bila asili hakuna wino, hakuna mkunjo, hakuna alama ya maji. Wengi leo wanaziona za kughushi.

#13 Forodha_Moja

Nyinyi mwasoma wino, mimi nasoma hesabu. Bei ya nyundo, ile dau la mwisho linapogongewa, si bei yako. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi robo au zaidi. Mfano: imegonga 2,000, ada ya asilimia 25 ni 500, jumla 2,500. Usafirishaji na bima tuseme 120, imekuwa 2,620. Kenya thamani ya forodha huhesabiwa bidhaa, nauli na bima vikiwa pamoja, kwa hiyo VAT ya asilimia 16 inakaa juu ya hiyo 2,620: ni 419 na senti. Uko kwenye 3,039, na hapo ushuru, ambao huipandisha VAT nayo, na ada nyingine za kuingiza mzigo bado. Muulize wakala kabla ya kunadi, si mzigo ukiwa umekwama.

Usikubali muuzaji aandike "nyaraka" tu na thamani euro 10 kukufanyia hisani. Ikipotea, bima italipa 10. Vitu vya mkusanyo vya kihistoria viko kichwa cha 9705, na vitu vya kale vilivyopita miaka 100 kichwa cha 9706. Wakala achague, lakini ankara iseme wazi: barua ya mkono, mwandishi nani, tarehe gani.

Halafu kibali. Maandiko ya mkono yaliyopita miaka 50 yakitoka Umoja wa Ulaya yanataka kibali cha kuyatoa, hata kama ni ya bei ndogo. Muuzaji ndiye anayeomba. Muulize kinachukua muda gani na nani analipa. Barua iliyotoka bila kibali itakusumbua siku unapotaka kuirudisha kuuza.

#14 Mzingile

Na zile herufi kwenye matangazo, ALS, TLS, AMQS?

#15 Forodha_Moja

ALS: yote ya mkono wake na sahihi. LS: kaandika katibu, yeye kasaini. TLS: imepigwa chapa, sahihi ya mkono. AMQS: mistari michache ya noti za muziki kwa mkono wake, na sahihi. Hiyo ya mwisho hupanda bei kuliko barua ya kurasa mbili ya kuomba radhi kwamba hatafika chakula cha usiku. Barua inayozungumzia utunzi, kidole gani kitumike, au mwanafunzi fulani, iko katikati.

#16 Chumvi_ya_Kilindini

Kwa sisi wa mfuko mwepesi basi, tuanze na nani?

#17 Nibu_Kongwe

Paderewski, mpiga piano wa Poland. Alisaini sana maishani mwake, na kadi na picha zake hazina uhaba. Lakini jihadhari: alikuwa waziri mkuu wa Poland 1919 na akatia sahihi Mkataba wa Versailles, kwa hiyo barua zake za siasa zinagombaniwa na watu wasiojali piano hata kidogo. Tafuta za matamasha. Myra Hess pia, yule wa matamasha ya mchana ya National Gallery London wakati wa vita. Clara Schumann si wa kuanzia, kwa bei na kwa macho: aliandika ule mwandiko wa Kijerumani wa kale, ambao hata Mjerumani wa leo anaugugumia. Kwa Glenn Gould utakuta zaidi za kupigwa chapa, na mafaili yake yako hifadhi ya taifa ya Kanada.

#18 Bi_Wanga

Turudi kwenye kuhifadhi, maana Wa_Kibokoni hajajibiwa.

Adui wa Mombasa ni unyevu, na wino wa chuma ndio unaoumia kwanza. Hewa ikiwa na unyevu mwingi chuma huru na asidi husafiri ndani ya karatasi na kuipanua ile ile ya kahawia. Ukipita asilimia 65 hivi, koga nayo huamka. Hapa kwetu nje tunashinda kwenye 70 na 80, na mvua za Mei ndizo mbaya kuliko zote. Lengo ni 45 hadi 55, na muhimu zaidi isipande na kushuka. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku, au stima ikipotea, kinafanya hali mbaya kuliko kutokuwa nacho.

Kwa hiyo usipambane na chumba. Pambana na sanduku. Chukua sanduku la plastiki la lita 10 lenye mpira wa kuziba kwenye mfuniko, plastiki namba 5 (namba iko ndani ya pembetatu chini yake). Namba 3 usiiguse: ni PVC, inatoa asidi na mafuta yake yanabandua wino. Barua ikae ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, ukurasa ukiwa umefunguliwa ikiwa mkunjo haukatai. Usiifungie ndani ya plastiki iliyozibwa pande zote, asidi yake itabaki nayo humo humo.

Silika jeli gramu 200 kwa sanduku hilo. Kanuni ni kilo 20 kwa mita moja ya ujazo, na lita 10 ni sehemu ya mia ya hapo. Nunua zile za chungwa zinazogeuka kijani. Za samawati zinazogeuka waridi zina kobalti, na hiyo ni sumu.

Watu hukosea hapa: wanatoa silika kwenye oveni ikiwa kavu kabisa wanaitia ndani. Siku ya pili kipimo kinasoma chini ya 20 na karatasi imekuwa kama kachiri. Ikaushe nyuzi 110 hadi 120, saa tatu, imetandazwa nyembamba kwenye sinia. Ipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Ipime kwa mizani ya jikoni: 200. Kisha iache sahanini wazi inywe hewa hadi ifike kama gramu 250, ndipo iingie sandukuni. Hapo inashikilia asilimia 40 na kitu. Ikipanda hadi 260 itoe, ikaushe upya. Juu ya mizani, mwamini zaidi kipima unyevu.

Na kipima unyevu kwanza ukipime chenyewe. Kizibo cha chupa kijaze chumvi ya mezani, dondosha maji mpaka iwe kama mchanga wa pwani uliolowa, isiwe uji. Kizibo na kipimo viwekwe pamoja kwenye kibakuli kilichozibwa, usiku mzima hadi saa 24. Chumvi iliyolowa hushikilia asilimia 75. Kikisoma 70, andika nyuma kwa kalamu "ongeza 5".

Sanduku liwe kwenye kabati la ndani, sm 15 kutoka sakafuni, lisiguse ukuta wa nje. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyapumulia chumbani, hata kiangazi.

#19 Mzingile

Dada, mchele haufai badala ya silika? Na nafthalini ya wadudu?

#20 Bi_Wanga

Mchele ni chakula cha wadudu, na unyevu haunyonyi wa maana. Nafthalini inalainisha plastiki na inaingia mapafuni mwenu. Mende na vile vijidudu vya rangi ya fedha vinataka gundi na wanga, kwa hiyo bahasha ndiyo italiwa mwanzo: itenge kwenye jalada lake. Ukiona mdudu, weka vyote kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa, friza ya nyumbani nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukiitoa usifungue hadi saa 24 zipite, la sivyo umande unatua juu ya wino.

Hilo la umande ni hivyo hivyo kifurushi kikitoka kwenye ndege. Kilaze siku nzima kabla ya kukikata.

Siku ya kufukiza udi na ubani, kabati lifungwe. Moshi unatua kama vumbi lenye mafuta na haufutiki. Laminesheni, selotepu, gundi ya maji: hapana, hapana, hapana. Mpasuko unazibwa na fundi kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na jelatini, si gundi yenye maji mengi, kwa sababu maji ndiyo yanayokisafirisha chuma. Na ukitaka kuitundika ukutani wageni waione, tundika picha yake. Ya kweli ikitoka, mwanga usizidi luksi 50.

#21 Wa_Kibokoni

Picha zimefika. Taa yao ni ya 365, karatasi haiwaki, wino mweusi. Mikunjo miwili ya kulazwa inaukata wino, ndani ya ufa ni peupe. Nyuma pana kivuli kidogo chini ya sahihi. Hakuna alama ya muhuri.

Stempu: mfalme kageuza uso pembeni, masharubu makubwa, hana ndevu. Muhuri wa posta unasomeka TIVOLI, tarehe imepakazika. Ukurasa wa tatu nimelitambua neno "Albano".

#22 Mzingile

Hana ndevu? Huyo ni Umberto. Vittorio Emanuele wa Pili kwenye stempu ana masharubu na kidevu chenye ndevu, na alifariki Januari 1878. Stempu za Umberto, mrithi wake, zilitoka 1879. Bahasha hiyo si ya 1877.

#23 Chumvi_ya_Kilindini

Haya, bahasha ya kuokoteza. Punguza bei.

#24 Nibu_Kongwe

Ngoja usiitupe bahasha. Wa_Kibokoni, kata picha ya tarehe peke yake uikuze, kisha uweke saba mbili kando kwa kando.

#25 Wa_Kibokoni

Ya kwanza imeanza na mstari ulionyooka, kona kali, ikashuka. Ya pili imeanza na kitu cha mviringo, kalamu imerudi ndani kidogo kabla ya kushuka, ila haijafunga.

#26 Nibu_Kongwe

Hiyo ni tisa iliyoachwa wazi kichwani. 79. Na kila kitu kimejipanga: stempu ya Umberto, Tivoli vuli, na Albano. Hohenlohe alipewa uaskofu wa Albano, mji ulio karibu na Roma, 1879, na mwaka huo huo Liszt akafanywa kanoni wa heshima (cheo cha kanisa) wa Albano. Bahasha ni yake, tangazo ndilo lenye kasoro. Mwezi wamekosea, mwaka pia.

Bei yao ilikuwa inaegemea 1877 na vile vipande. Vipande vilichapishwa 1883 kwenye mkusanyo wa tatu wa Années de pèlerinage, na 1879 iko katikati ya pande zote mbili, haina hadithi hiyo. Lakini barua yenye tarehe kamili, bahasha yake na kutajwa Albano si maskini. Nakili mistari inayozunguka neno hilo, neno kwa neno, usibahatishe.

#27 Chumvi_ya_Kilindini

Mimi ningenyamaza. Wengine watadhani bahasha ni ya kuazima watakimbia, wewe waipata kwa bei ya chini.

#28 Forodha_Moja

Ukinyamaza, ankara itasema Agosti 1877, kibali kitasema Agosti 1877, na karatasi za forodha vivyo hivyo, wakati barua inasema Oktoba 1879. Siku ya kuuza utaeleza vipi kwamba kibali ni cha barua hii? Waambie warekebishe kwa maandishi kabla ya nyundo.

#29 Wa_Kibokoni

Wamerekebisha, "20 Oktoba 1879", na maneno ya vile vipande wameyaondoa. Bei ya kuanzia wameiacha 2,000. Kibali wanaomba wao, ada juu yangu. Dau langu halipiti 2,200. Kipimo changu kimesoma 71 kwenye chumvi, nimekiandika nyuma "ongeza 4". Silika iko sahanini, imefika 243.

#30 Bi_Wanga

Bado gramu saba. Usiifunike.